Lugha ya Jirani Husomwa kwa Masikio

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la shule na walimu wa shule, wala halina mahali katika darsa zetu. Jambo lenyewe ni kujifunza lugha ya watu tunaoishi nao. Na lililotusukuma kulisema ni kisa alichokiona mwandishi wa maneno haya kwa macho yake, alipokwenda Kipkelion, katika nchi ya Kericho, kumzuru jamaa yake mwenye duka huko.

Jamaa huyu ni mtu wa Mombasa kwa asili, naye amekaa Kipkelion miaka thelathini. Ni mtu mwema. Sala zake hazimpiti, mizani yake haipunji, na majirani wamheshimu. Siku moja, baada ya adhuhuri, alikuja dukani mama mmoja wa Kikipsigis, mtu mzima sana, ambaye hununua hapo chumvi na majani ya chai tangu duka lilipofunguliwa. Alipokwisha kupimiwa, hakuondoka. Alisimama akasema maneno marefu, akiashiria kwa mkono nyuma ya duka. Jamaa yetu akatabasamu, akamtajia bei ya sukari. Yule mama akatikisa kichwa, akasema tena. Jamaa yetu akamtajia bei ya mafuta.

Hapo akatoka ndani binti yake, mtoto wa miaka tisa. Akamwamkia yule mama kwa kumwita kogo, kama waitavyo Wakipsigis nyanya zao, akamsikiliza, kisha akamgeukia babake akasema: "Baba, kogo haulizi bei. Asema kila siku akuona ukiinama mpaka chini nyuma ya duka. Auliza, ni nani huyo umwinamiaye?"

Angalieni, ndugu zangu! Swali ambalo mtu huweza kusafiri nchi kwa nchi akiomba aulizwe, limemjia mlangoni kwake, baada ya miaka thelathini, na jawabu yake ni bei ya mafuta.

Baba akamwambia mtoto: "Mwambie ni Mwenyezi Mungu, Mmoja, asiye na mshirika." Mtoto akafasiri kwa maneno aliyokuwa nayo, akalitaja jina Asis. Yule mama akainua mkono wake kuelekea juu lilikokuwa jua, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashukuru kwa kusema kongoi, akaenda zake. Jamaa yetu alifurahi sana kwa dakika mbili tatu. Kisha furaha ikamtoka. Kwani Asis ndilo jina la Mungu Muumba kwa wazee wa Kikipsigis, na jina hilo lafungamana na jua. Je, yule mama alifahamu kuwa tunamwabudu Muumba wa jua, au amekwenda akidhani kuwa twalisujudia jua lenyewe? Mtoto hakujua, kwa kuwa mambo hayo hayasemwi na watoto wachezao. Na baba hakuwa na maneno ya kumwita mama arudi ili amweleze.

Alisema, "Nitamtafuta mtu anifasirie, nimwendee." Hajamtafuta, na mwezi wa pili yake tukapata habari kuwa yule mama amefariki. Jamaa yetu alikwenda mazishini, akasimama pembeni na kofia yake mkononi, wala hakuwa na neno la kuwaambia wafiwa. Tangu siku hiyo amekuwa akiniuliza: "Mimi nitaulizwa nini mbele ya Mola wangu juu ya mama yule?" Nami sina fatwa ya kumpa. Lakini swali lake nimeona ni swali letu sote tulio katika miji ya bara, na nyinyi mlio pwani ambao wana wenu na ndugu zenu wako huko.

Basi natuulize kwanza: mtoto wa miaka tisa alijifunzaje lugha ambayo babake hakuipata kwa miaka thelathini? Hakufundishwa na mwalimu. Hakununuliwa kitabu. Alicheza tu. Alipokuwa mdogo alikaa na wenziwe akiwasikiliza, hata watu wakadhani hasemi. Kumbe alikuwa akiweka akiba. Alisikia neno la "njoo" akaona mtu anakuja. Alisikia neno la "maziwa" akaona kibuyu cha mursik kinaletwa. Neno na kitu vilimjia pamoja. Kisha siku moja akaanza kusema, akakosea, wenziwe wakacheka, naye akacheka nao, akasema tena. Hivi ndivyo alivyojifunza Kiswahili mapajani mwa mamake, na hivi ndivyo kila mmoja wetu alivyoipata lugha yake ya kwanza.

Na babake je? Yeye kwa miaka hiyo yote alisikia maneno ya bei, kipimo na deni, na hayo ndiyo aliyoyajua. Nyuma ya meza ya duka hakuna lugha nyingine. Hakukaa katika baraza zao, hakuzuru mgonjwa wao, hakusikiliza mzee wao akimuusia kijana wao. Alikaa Kipkelion, lakini masikio yake yalikaa Mombasa. Mtu hupata katika lugha kile alichokisikia, wala hapati zaidi.

Na Kikipsigis, zaidi ya lugha nyingine, hakikubali kuingia kwa njia ya karatasi peke yake. Si lugha ya Kibantu hata maneno yake yawe jamaa ya Kiswahili chetu. Ni katika lugha za Kikalenjin, za jamii ya Kinailoti. Ndani yake kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kubainisha ni nani mtenda na ni nani mtendwa, na jambo hilo katika maandishi ya kawaida halionekani. Mwenye kusoma herufi bila ya kusikia ni kama mwenye kusoma jina la chakula asikionje.

Wataalamu wa zama zetu nao wameyachungua haya. Huko Marekani, katika miaka ya 1970 na 1980, Stephen Krashen aliandika kwamba mtu huipata lugha zaidi kwa kusikia na kusoma maneno anayoweza kuyafahamu maana yake kuliko kwa kukariri kanuni. Na huko Kanada, katika mji wa Saint-Lambert ulio jimbo la Quebec, mwaka 1965 wazazi waliosema Kiingereza walifanya mpango watoto wao wasomeshwe masomo yao kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Watoto wale wakakifahamu Kifaransa vizuri sana, bila ya kupotewa na Kiingereza chao.

Lakini sisi hatuna haja ya kwenda Kanada kutafuta dalili. Katika sira ya Mtume wetu (s.a.w.) mna mafunzo ya kutosha. Alipokuwa mchanga alipelekwa jangwani kwa Bani Saad, akalelewa na Bibi Halima, kama ilivyokuwa desturi ya Makureshi, ili watoto wapate afya ya jangwa na ufasaha wa lugha ya watu wake. Hawakumpelekea mwalimu wa lugha mjini Makka. Wao walimpeleka mtoto kwenye lugha. Na Imamu Shafii, ambaye wengi wetu hapa pwani twafuata madhehebu yake, alikwenda kukaa na kabila la Hudhayl, waliosifika kwa ufasaha, akipanda wapandapo na kushuka washukapo, mpaka akawa hoja katika lugha ya Kiarabu. Ikiwa imamu mkubwa kama huyu, tena Mkureshi wa nasaba, alikwenda kuwa mgeni ili asikilize, ni nani katika sisi aonaye kukaa na kusikiliza ni udhalili?

Na mnamjua Zayd bin Thabit (r.a.), kijana wa Madina, mwandishi wa wahyi. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, apate kumsomea barua zao na kuwajibu, naye akayajua kwa muda wa nusu ya mwezi. Nami nikitafakari naona kwamba, pamoja na akili aliyojaaliwa na Mola wake, Zayd alikulia katika mji ambao Mayahudi walikuwa majirani; na sikio lililozoea sauti ya jirani halianzi safari yake kutoka mbali.

Kuna na hadithi nyingine, ameipokea Imamu Bukhari, nayo naipenda sana. Miongoni mwa Waislamu waliohamia Uhabeshi alikuwako Khalid bin Said, naye alizaliwa binti huko, aliyejulikana baadaye kwa jina la Ummu Khalid. Waliporejea Madina, Mtume (s.a.w.) aliletewa nguo ndogo yenye nakshi, akamwita mtoto yule, akamvisha kwa mkono wake, kisha akaisifu nguo ile kwa neno la Kihabeshi lenye maana ya nzuri. Neno moja tu! Lakini fikirini moyo wa mtoto yule, aliyezaliwa ugenini na kuletwa katika mji asioujua, anaposikia neno la nchi aliyozaliwa likitoka katika kinywa cha Mtume wa Mwenyezi Mungu. Je, sisi tumepata kumpa jirani yetu hata hilo neno moja?

Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Surat Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake, pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, ametujulisha kuwa hakupeleka mtume ila kwa lugha ya kaumu yake, ili awabainishie. Basi anayeidharau lugha ya watu huwa amedharau ishara. Na anayetaka kuwabainishia watu kwa lugha wasiyoisikia huwa ameiacha njia waliyopitishwa mitume.

Sasa natutazame Kipkelion yenyewe. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, nayo ikapita hapo. Pamoja na reli Kiswahili nacho kikapanda bara, midomoni mwa vibarua, wapagazi, askari na wachuuzi. Kituo kile cha reli kiliitwa Lumbwa, jina ambalo Wakipsigis walipewa na watu wengine, wala wao hawakujiita hivyo. Mji wenyewe ukaja kurejeshewa jina la kwao, Kipkelion. Kumwita mtu kwa jina alilojichagulia ndiyo alifu ya lugha yake. Nasi tuliikosea alifu hiyo pamoja na waliokosea.

Kadhalika tazameni mashamba makubwa ya chai ya Kericho, yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 1920. Walikuja kufanya kazi humo Wajaluo, Wakisii, Waluhya na wengineo, kila mmoja na lugha yake. Wakakaa kambi moja, wakachuma mstari mmoja, na Kiswahili wakakipata humo humo, bila ya ubao wala chaki. Hatukuwafunza sisi. Walikifuata wenyewe kwa masikio yao, wakaja nusu ya njia kutukuta. Sisi ndio hatukuinuka tulipoketi.

Na hapa pana aibu ambayo lazima niiseme, hata ikiwauma baadhi yenu. Mkipsigis akija msikitini au dukani akasema Kiswahili kwa namna ya kwao, baadhi yetu humcheka. Humwigiza akisha kutoka, na watoto wetu hujifunza kumwigiza. Twajiona sisi ndio wenye lugha. Na yule anayemcheka, ukimuuliza aseme neno moja la Kikipsigis zaidi ya chamgei, hana! Mwenye lugha mbili, moja kamili na moja yenye makosa, achekwa na mwenye lugha moja. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Surat Hujurat, aya ya 11, watu wasiwadharau watu wengine, kwani huenda hao wakawa bora kuliko wao. Na kicheko hiki kina madhara mengine: ulimi uliochekwa hujificha, na ulimi uliojificha haujifunzi. Wangapi walitaka kuuliza dini wakarudi majumbani mwao kwa kuogopa kuchekwa?

Wenzetu wa dini nyingine hawakulala. Wamishonari walikaa na watu hawa, wakala chakula chao, wakajifunza lugha yao, na Biblia nzima kwa Kikalenjin ikachapishwa mwaka 1969. Mwaka huo huo Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mungu amrehemu, alitutolea Qurani Takatifu kwa Kiswahili. Sisi tulipata maana ya Kitabu chetu kwa lugha yetu, tukafurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini furaha ile haikutupeleka tumuulize jirani yetu wa Kipkelion, yeye ataisoma kwa lugha gani.

Wala jambo hili si la daawa tu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, fitna iliingia Kipkelion kama ilivyoingia mahali pengi pa Bonde la Ufa. Nyumba zilichomwa, na watu wakakimbilia nyumba ya watawa wa Kikatoliki iliyokuwako huko kutafuta himaya. Siku kama hizo kila mtu hutazamwa kwa ulimi wake. Mimi sisemi kuwa lugha peke yake ingaliuzima moto ule, kwani ulikuwa na mizizi ya ardhi na siasa. Nasema tu kwamba uvumi hukua baina ya watu wasiosikilizana, na mtu aliyelia nawe katika msiba wako kwa lugha yako ni vigumu kuambiwa ni adui yako ukasadiki.

Huenda msomaji akasema: "Basi yatosha mtu akae tu na watu, lugha itamwingia yenyewe." La, ndugu yangu, hapo pia pana tahadhari. Wako katika nchi yetu ndugu zetu Wanubi, Waislamu wenzetu, ambao asili ya wazee wao ni askari waliotoka Sudan katika karne ya 19, nao wako Kibera, Kisumu, Kibigori na kwingineko. Wazee wale walitoka katika makabila mengi, na Kiarabu walikipata kambini kwa kusikia, bila ya mwalimu. Kikawa lugha mpya, Kinubi, chenye maneno mengi ya Kiarabu na kanuni zake chenyewe. Ni lugha yao, na ni ya heshima. Lakini Kiarabu cha Qurani hakisomwi kwa Kinubi, na wao wenyewe huwapeleka watoto wao chuoni wakafunzwe. Na watoto wengine wa Kanada waliosomeshwa kwa mpango kama ule, Merrill Swain aliwachungua, akaeleza mwaka 1985 kwamba walifahamu kwa wepesi lakini wakisema walikuwa na makosa, kwa kuwa walisikia sana na kusema kidogo. Na binti wa jamaa yetu naye, mwepesi kama alivyo, alikuwa na lugha ya mchezo, akakosa lugha ya itikadi.

Kwa hivyo sikio ndilo mlango, walakini nyumba yataka fundi. Anayejifunza asikilize kwanza, kisha aseme, kisha akubali kusahihishwa. Na kila jambo lina watu wake: lugha ya mchezo iko kwa watoto, ya sokoni iko kwa wachuuzi, na ya hekima iko kwa wazee.

Nasi twawausia ndugu zetu walio Kipkelion, Londiani, Kericho, Bomet na kila mji wa bara mambo haya matano.

La kwanza, kila siku mtu atoke nyuma ya meza yake, akae na majirani ijapokuwa robo saa, asikilize bila ya haraka ya kusema. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, badala ya redio ya dukani kuimba mchana kutwa, ifunguliwe saa moja stesheni isemayo Kikalenjin, kama Kass FM au Chamgei FM, ili sikio lizoee.

La tatu, asikose kumzuru mgonjwa na kuhudhuria mazishi, na kabla ya kwenda amuulize mtu maneno ya kuwafariji wafiwa, ayashike barabara. Hilo ni somo na ni thawabu.

La nne, mtoto akikosea lugha yoyote asichekwe wala asipigwe. Na mtu mzima akikosea Kiswahili chetu asahihishwe kwa upole, wakiwa wawili tu.

La tano, na hili lawahusu walimu wetu: wapatikane vijana wa Kikipsigis waliosilimu, wafunzwe dini vizuri, nao wakae pamoja na wazee wa kwao na maulamaa wetu, wapime neno kwa neno jinsi tauhidi itakavyosemwa kwa Kikipsigis bila ya kupotoka. Kazi hiyo asiachiwe mtoto wa miaka tisa.

Ama jamaa yetu, namaliza kwa habari yake. Sasa kila jioni, akisha kufunga hesabu, huvuka njia akaketi na wazee chini ya mti. Mwezi wa kwanza hakusema kitu. Wa pili alikosea, wakamcheka, akavumilia. Juzi aliniletea salamu kwamba mwana wa yule marehemu mama alikuja dukani, naye akamuuliza kwa Kikipsigis, kwa taabu na makosa, habari za nyumba yao. Yule mtu alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti akaketi.

Bei haikutajwa.

Ewe Mola wetu, tufungulie masikio yetu kabla ya ndimi zetu, utusamehe tuliyoyapuuza, na utujaalie kuwa majirani wema kwa kila uliyemweka karibu nasi. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.